Bastola Ambayo Sikuipunguza Mpini

Siku niliyoripoti kazini Handeni, Fundi Mkuu hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Nilipomjibu kwamba nimekunywa, akasema, "Vizuri. Mwenye njaa hutetemeka mkono, na mkono unaotetemeka sina kazi nao humu ndani."

Humu ndani palikuwa ni karakana ndefu yenye nondo madirishani, nyuma ya ofisi ya wanyamapori. Kulikuwa na meza nzito ya mninga, jiriwa mbili za kubania vyuma, tupa za kila ukubwa zimetundikwa ukutani, na harufu ya mafuta iliyoingia kwenye kanga zangu isitoke tena mpaka leo wajukuu wananitania. Mimi nilikuwa binti wa Mazingara. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya jeshi ya vijana, mkufunzi wetu aliona napenda kuifungua bunduki na kuifunga kuliko kuipiga, naye ndiye aliyenipendekeza nikasomee ufundi silaha. Nyumbani walidhani nakwenda kusomea ushoni. Sikuwasahihisha mapema.

Vijana wakisikia fundi silaha hufikiri ni mtu wa kutengeneza bunduki. Hatukutengeneza hata moja. Kazi yetu ilikuwa kuzikagua, kuzisafisha, kubadilisha kilichovunjika, na mara nyingi kumwambia mwenye silaha kwamba silaha yake imekufa na aiache hapo hapo. Silaha za idara zilikuwa raifo, zile ndefu za kufukuzia tembo mashambani. Lakini wakulima nao walituletea magobore yao kukaguliwa, na siku ile ya kwanza gobore ndilo lililoingia mlangoni.

Lililetwa na mzee wa kijijini kwetu hasa, aliyemjua marehemu baba. Gobore ni bunduki ya kienyeji inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, kwa kutumia ufito. Huwezi kulifungua ukaona ndani kama bunduki nyingine. Nilifurahi kumwona mtu wa nyumbani, nikalipokea kwa mikono miwili na kuanza kulibana kwenye jiriwa.

"Liko tupu?" Fundi Mkuu akauliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Mzee amesema liko tupu."

"Sikuuliza mzee amesema nini."

Akaja, akachukua ufito, akautumbukiza taratibu ndani ya mtutu mpaka ukagota. Akashika alama kwa kidole, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito uliishia mbali na mwisho wa mtutu, kiasi cha upana wa kiganja. Maana yake ndani kulikuwa na kitu. Yule mzee alijishika kichwa akakaa chini. Kumbe mwanawe alikuwa amelishindilia kwa ajili ya nguruwe pori, nguruwe hawakuja, akalirudisha pembeni mwa kitanda bila kumwambia mtu. Na wajukuu walilala chumba hicho hicho.

Fundi Mkuu hakumgombeza. Alimmiminia maji, akasubiri amalize kunywa, akasema, "Mzee wangu, umekuja leo. Ungeweza kuja kesho kutwa, na tungekuwa tunazungumza mengine." Halafu akanionyesha namna ya kulitoa lile shindilio kwa maji na subira, na kazi yangu ikawa imeanza.

Nilikaa Handeni mpaka nikaolewa, nikazaa, na wanangu wakaanza shule. Ilikuwa kazi ya vumbi na safari. Tulizunguka vijijini kwa gari la idara, tunakaa uani kwa mtendaji, watu wanapanga foleni na magobore yao yamefungwa kwenye magunia kama mihogo. Huko ndiko Fundi Mkuu alikonifundisha kitu kilichokuja kunipa jina. Raifo za idara zilikuwa zimetengenezwa kwa watu warefu wa nchi za mbali, na askari wetu wengi wa wanyamapori walikuwa wafupi wenye mabega ya kulimia. Kitako, yaani ule mti wa nyuma unaokaa begani, kilikuwa kirefu mno kwao. Mtu analenga huku amejinyonga shingo, akipiga anachubuka taya.

"Bunduki ni kama kiatu," Fundi Mkuu aliniambia. "Kisipokuenea, kitakuumiza wewe kabla hujafika uendako."

Basi nikajifunza kupima mkono wa mtu, kukata kitako, kukipiga tupa na msasa, kukipaka mafuta ya kitani mpaka kikang'aa. Nilikuwa naipenda kazi hiyo kupita zote. Askari akiondoka na raifo iliyomkaa, anatembea tofauti. Habari zikaenea kuwa Handeni yuko mama mmoja anayekata silaha kwa kipimo cha mtu, kama fundi cherehani. Nilipohamishiwa Korogwe, sifa hiyo ilinitangulia.

Korogwe nilimkuta mkuu wa ofisi ambaye sote tulimwita Bwana Nyama, kama wazee walivyozoea kumwita ofisa wa wanyamapori. Alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda chai ya tangawizi, na alikuwa na kawaida ya kubisha hodi kwenye karakana yangu ingawa karakana ilikuwa yake. Tulifanya kazi pamoja vizuri. Ni chini ya mkuu huyo ndipo yakatokea haya ninayotaka kuwasimulia, na kwa kweli ndiyo yaliyonifanya nikubali kuketi na kusimulia.

Alikuja mtu mmoja kutoka Vugiri, huko juu milimani. Jina lake Anselimu. Babu yake aliletwa zamani kukata mkonge, baba yake akahama mabondeni akapanda mlimani, naye mwenyewe alikuwa na shamba la iliki na lori la kusafirishia mazao. Mkewe alikuwa amefariki kwa maradhi, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Veronika, ambaye wote walimwita Vero. Nyumba yao ilikuwa peke yake juu ya mteremko, mbali kidogo na wenzao. Majambazi waliwaingilia wakati wa mavuno. Walimfunga baba kamba mbele ya mtoto, wakachukua walichotaka, wakaondoka. Hawakumpiga mtoto. Lakini Vero ndiye aliyemfungua baba yake zile kamba, kwa meno.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku aliyokuja nilimwona tu mwanamume mrefu, mwenye mikono mikubwa ya kubebea magunia na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alinionyesha kibali chake cha kumiliki bastola, halali, kimegongwa mihuri yote, kisha akanionyesha kwenye simu picha za bastola mbili alizokuta duka la mjini.

"Mama Fundi, naomba unichagulie. Nimeambiwa hakuna anayejua kama wewe."

Zote mbili zilikuwa bastola za silinda. Silinda ni kile kigurudumu chenye matundu ya risasi. Kila unapovuta kifyatuo, kinazunguka na kuleta tundu jingine mbele ya mtutu. Aina hii haina mambo mengi, ndiyo maana watu huiona rahisi. Moja ilikuwa nzito, ya risasi nene. Nyingine ilikuwa ndogo, risasi zake nyembamba kuliko kalamu ya risasi, hairushi mkono unapoipiga.

"Kwa mkono wako huu," nikamwambia, "hiyo ndogo itakupotea kiganjani. Ukitaka kusikia ushauri wangu, hata hiyo kubwa ningekuambia uiache dukani. Lakini kama ni lazima..."

"Nataka hiyo ndogo. Na nataka uipunguze mpini."

"Nipunguze tena? Utaishika kwa vidole viwili?"

Akatazama chini. "Si ya kwangu, Mama Fundi. Ni ya Vero. Ana miaka kumi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza tena, akarudia. Alisema yeye hushinda barabarani na lori, mtoto hubaki na msichana wa kazi, na kama watu wale wangerudi yeye akiwa safarini, nani angemlinda? Alikuwa amefikiria kila kitu. Mpini ukatwe uingie kiganjani mwa mtoto, kifyatuo kilegezwe kidogo kwa sababu kidole chake hakina nguvu, na yeye mwenyewe angemfundisha huko shambani kwenye vigogo.

"Bwana Anselimu, mtoto hapewi silaha. Sheria haimruhusu."

"Sheria haikuwepo siku walipokuja."

"Na mimi sitaifanya."

Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Aliitia simu mfukoni, akaniambia, "Wewe una wana, Mama?" kisha akatoka kabla sijajibu.

Siku mbili tatu baadaye Bwana Nyama alibisha hodi. Alikaa juu ya boksi la zana, akazungusha kikombe chake mkononi.

"Anselimu amekuja kwangu. Tulisoma naye. Darasa zima hakuna aliyekuwa anacheka kama yeye, ulikuwa ukimsikia unacheka kabla hujajua kinachochekesha. Sasa nimemtazama nikaona siyo yeye."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia haiwezekani. Lakini Mama, tukimfukuza tu, atakwenda kwa fundi wa uchochoroni, na huyo atamkatia mpini bila hata kumuuliza wa nani. Nimewaza, hakuna njia ya kumweka karibu?"

Nikawaza sana. Mwisho nikamwambia, "Mwambie alete mtoto nimpime mkono." Bwana Nyama akanitazama kwa mshangao. "Kumpima tu," nikasema. "Mtu anaweza kusema maneno makubwa akiwa peke yake. Akiuona mkono wa mwanawe juu ya chuma, huenda moyo utageuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Niseme mapema kwamba haikutimia kama nilivyoipanga.

Walikuja asubuhi ya Jumamosi, mvua ya manyunyu inanyesha. Anselimu alikuwa ameshainunua ile ndogo. Ilikuwa ndani ya kitambaa, na silinda yake ilikuwa tupu kweli kama alivyosema, maana niliifungua na kuitazama tundu kwa tundu. Vero aliingia nyuma ya baba yake. Alikuwa mwembamba, mrefu kwa umri wake, amevaa sweta la shule juu ya gauni, na alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kikavu cha watoto wa mlimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baridi imewazidi huko?"

"Kidogo."

Nikamketisha. Nikaweka bastola mezani, mtutu umeelekea ukutani, nikamwambia aweke kiganja chake juu ya mpini bila kuinyanyua. Vidole vyake vilifika nusu. Kidole cha shahada hakikukigusa kifyatuo. Kiliishia kwenye chuma cha kandokando. Nikamtazama baba yake. Nikangoja. Nilikuwa na hakika kwamba sasa atasema, basi, tuache.

Anselimu aliitikia kwa kichwa polepole. "Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Unaona pa kukata?"

Silaha yangu ya mwisho ilikuwa ile, na imegonga jiwe.

Wakati huo dereva mmoja akaita kutoka nje kwamba lori la Anselimu limeziba njia, magari ya sokoni hayapiti. Akatoka kulisogeza. Nikaibeba bastola nikaiweka kwenye kabati, nikafunga, nikarudi kukaa na mtoto. Kusema kweli sikujua la kumwambia. Ni yeye aliyeanza.

"Bibi, ukiikata itakuwa yangu kabisa?"

"Wewe unaitaka?"

Akachezea kifungo cha sweta. "Baba anasema nikiwa nayo sitaogopa."

"Na wewe unasemaje?"

Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza swali la hesabu darasani, "Na mimi nikisikia mtu nje, nitajuaje kama siyo baba?"

Nikamuuliza kwa nini anafikiria hivyo. Akanieleza, na hakulia hata kidogo wakati anaeleza. Choo chao kiko nje, nyuma ya nyumba. Tangu baba anunue ile bastola, haichomoki mkononi jua likishazama. Siku moja magharibi Vero alitoka kwenda chooni, na wakati anarudi baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtambua. Alimwelekezea.

"Kisha ikawaje?"

"Akaiweka chini. Akaniambia niende kulala. Sasa hivi jua likizama sitoki tena. Natumia ndoo. Naimwaga asubuhi kabla hajaamka, asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba namwogopa. Atahuzunika."

Nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote, na sijapata kusikia neno zito kama lile. Nilimshika mkono, ule ule niliokuwa naupima, nikamwambia, "Mjukuu wangu, hayo uliyoniambia nitamwambia baba yako. Sitaki kukuzunguka, ndiyo maana nakuambia kwanza." Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Nadhani alikuwa amechoka kuyabeba.

Nikamwita Bwana Nyama. Anselimu aliporudi alitukuta wote wawili tumesimama, akajua kuna jambo.

"Bwana Anselimu, kaa," nikasema. "Mwanao anatumia ndoo usiku. Unajua?"

"Ndoo gani?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilitarajia akasirike, aseme mtoto amesema uongo, adai bastola yake aondoke nayo. Ilikuwa mali yake na kibali kilikuwa chake. Kama angeidai, sikuwa na haki ya kuizuia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mtoto.

"Vero. Ni kweli, mama?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Ndiyo."

Akakaa. Alikaa vibaya, nusu kwenye boksi nusu hewani, Bwana Nyama akamshika bega asianguke. Aliposema, hakumwambia yeyote, aliiambia sakafu.

"Siku ile nilikuwa nimeshakaza kidole."

Bwana Nyama alizidi kumshika bega.

"Niliona kivuli tu. Nilikuwa nimeshakaza kidole, Mama Fundi. Akakohoa. Nikaijua ile sauti. Angekuwa hana kikohozi..."

Vero alitoka kwenye kiti, akaenda akasimama kati ya magoti ya baba yake, akajiegemeza kama watoto wadogo wanavyojiegemeza. Baba alimkumbatia na ile mikono yake ya magunia, akawa anasema, "Nisamehe, mama. Nisamehe, mama yangu." Bwana Nyama aligeukia ukutani akajifanya anatazama tupa.

Nami nilifanya nini? Nilipuliza moto nikatenga chai. Sikupata kazi nyingine ya kuifanyisha mikono yangu.

Tulipokwisha kunywa, Anselimu mwenyewe ndiye aliyesema, "Kaa nayo. Sitaki kuirudisha ndani ya nyumba yangu." Nikamweleza kwamba mimi sina mamlaka ya kukaa na silaha ya raia. Bwana Nyama akapiga simu kituo cha polisi, tukaenda kwa miguu wote wanne chini ya miavuli miwili, na Anselimu akaisalimisha pamoja na kibali chake na risasi zote. Mkuu wa kituo alimpokea kwa heshima. Alimwambia, "Wengi huja hapa wakiwa wamechelewa. Wewe umewahi." Nilimwona Vero akivuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda na kushuka.

Lakini hofu ya mtu haiishi kwa kumnyang'anya silaha tu. Majambazi walikuwa wa kweli, hakuwaota. Hilo nilimwambia Bwana Nyama wakati tunarudi, naye akasema, "Basi mpime mtoto kwa kitu kingine."

Jumamosi iliyofuata tulipanda Vugiri na gari la idara. Mlango wao wa mbele ulikuwa na komeo moja la juu, ambalo Vero hakulifikia mpaka apande kiti. Mbao ilikuwa nyembamba kama ya kabati. Fundi seremala wa hapo hapo alitubadilishia mlango, na mimi niliweka makomeo mawili mapya ya chuma, moja juu kwa ajili ya baba na moja chini kwa urefu wa kiuno cha Vero. Lile la chini nililichonga kwa tupa mpaka likawa linateleza kwa kidole kimoja cha mtoto. Nilimwambia alifunge na kulifungua, nikalipunguza, akajaribu tena, nikalipunguza tena, mpaka aliposema, "Hapo, bibi." Sijapata kupima mkono kwa raha kama ile. Choo kilihamishiwa ndani baada ya muda. Na dada yake Anselimu, Shangazi Paulina, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde, alikubali kuhamia pale na majogoo wake wote.

Kitu cha mwisho kilikuwa kengele. Kwenye mashamba ya mkonge wafanyakazi waliitwa kwa kipande cha reli kilichotundikwa na kugongwa kwa chuma. Babu yake Anselimu alikuwa ameamka kwa sauti hiyo miaka yake yote. Nilipata kipande cha reli chakavu huko mabondeni, tukakitundika chini ya paa, na nyundo yake tukaifunga kwa kamba inayoingia dirishani mwa Vero. Tuliwapitia majirani walio karibu kuwaeleza.

"Sasa ivute tusikie," Bwana Nyama akasema.

Vero aliivuta kwa woga mara moja. Shangazi Paulina akamwambia, "Hivyo unamwita nani, panya? Vuta!" Akaivuta kwa nguvu zake zote, akaendelea kuivuta. Sauti ilikwenda mpaka ng'ambo ya bonde ikarudi.

Sisi tulikuwa tumewaambia majirani wachache. Wengine hawakujua kwamba ni majaribio. Walianza kutokea kwenye migomba kama siafu. Walikuja wanaume na mapanga, wachumaji chai na vikapu vyao bado mgongoni, vijana wa mpira wakiwa peku, mwalimu na fimbo, na bibi mmoja mzee sana aliyekimbia na mwiko wenye ugali ukimdondoka. "Wako wapi?" bibi yule akawa anauliza, ameunyanyua mwiko juu. "Wako wapi hao mbwa?"

Vero aliachia kamba akaanza kucheka. Tulijaribu kuomba radhi, kueleza kwamba hakuna mwizi, lakini kicheko kilikuwa kimeshaanza. Wakaanza kusutana nani amekimbia kwa kasi na nani amebaki nyuma kwa makusudi. Anselimu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyumba yake anawatazama, uani kumejaa, wengine bado wanapanda. Wengi wao alikuwa hajazungumza nao tangu msiba wa mkewe.

"Siku ile hatukusikia, Anselimu," mwalimu akamwambia. "Mungu ni shahidi. Tungesikia tungekuja."

"Sikupiga yowe," Anselimu akasema. "Nilidhani niko peke yangu."

Halafu akacheka. Bwana Nyama alinigusa kiwiko. "Hicho," akasema, "ndicho kicheko chenyewe."

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Bwana Nyama alihamishwa, akaja mwingine, kijana msomi na mwadilifu, tukaelewana pia. Magobore yalizidi kupungua, watu wakawa wanayasalimisha. Nami nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo nyuma ya ofisi, wakanipa cherehani, kwa hiyo marehemu mama yangu alipata alichokitaka mwishoni. Sasa ninakaa Manundu, nashona sare za shule na kuwarekebishia wake za majirani vitu vyao vilivyovunjika, vitasa, majiko, miavuli.

Vijana walioshika nafasi yangu huja kunisalimu na kuniuliza mambo ya kazi. Nawaambia ufundi wa tupa na jiriwa wataujua wenyewe, mikono hujifunza. Kigumu ni kumsikiliza mtu aliyeleta silaha. Mara nyingi anachotaka kirekebishwe hakimo ndani ya kile kitambaa alichokikunja. Kuna siku utamsaidia kwa kumfanyia alichoomba, na kuna siku utamsaidia kwa kukataa. Ila kukataa peke yake hakutoshi. Ukimkatalia mtu, simama upande wake, umtafutie kingine, la sivyo utakuwa umemfungia mlango tu.

Mwaka huu Anselimu alipita Manundu na mzigo wa iliki, akashuka kunisalimu. Ameota mvi, amenenepa. Vero amemaliza chuo, anafundisha shule ya msingi huko huko milimani. Nikamuuliza habari zake mwenyewe. Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta habari kubwa ya kunipa asiione.

"Nalala, Mama Fundi," akasema. "Siku hizi nalala mpaka jua linanikuta kitandani, Paulina ananitukana."